Bhoke na Toleo la Tatu

Wako watu wanaoijua mashine kwa kuishika. Bhoke aliijua ya kwake kwa barua. Yeye alikuwa Musoma, kwenye ofisi moja ya vyumba vitatu iliyotazamana na ziwa, na kompyuta ilikuwa Dar es Salaam, ndani ya chumba chenye baridi ya kutengenezwa, imekaa kama bwana harusi asiyetaka kuguswa. Kati yao palikuwa na meli ya kwenda Mwanza, treni ya kuvuka nchi nzima, na makarani wasiopungua sita. Bhoke aliandika maagizo yake kwenye karatasi zenye miraba, mraba mmoja herufi moja, kisha akayahamishia kwenye kadi kwa mashine ndogo ya kutobolea matundu. Mashine hiyo ililia ta-ta-ta kutwa nzima, mpaka wanawake wa mtaa wa Nyasho waliopita dirishani na beseni za dagaa wakamwita Mama Cherehani. Kadi zikifungwa sandukuni zilipanda meli. Baada ya siku kumi na mbili, Mungu akipenda na reli isiposombwa na maji, sanduku lilirudi na bunda la karatasi: ama orodha aliyoiomba, ama orodha ya makosa yake.

Watu walimwonea huruma kwa kazi ya namna hiyo. Yeye hakujionea. Mtu akikosea mbele ya mashine hufuta akarudia; Bhoke akikosea alipoteza nusu ya mwezi. Kwa hiyo alijifunza kutokosea, na jambo hilo lilimfanya awe na kiburi kidogo. Nalisema mapema, kwa sababu kiburi hicho ndicho kilichokaribia kumponza.

Alizaliwa mwaka arobaini na nane katika kijiji kimoja upande wa Butiama, kwenye mji wa bibi yake, Gati. Bibi Gati alizaa mabinti watatu, wote wakaolewa mbali, na mume akafariki bila mtoto wa kiume. Watu wa ukoo wakaanza kupita-pita wakihesabu ng'ombe kwa macho. Gati akawaacha wahesabu. Kisha akatoa ng'ombe kumi na wawili na kumwoa Wegesa, binti wa jirani, ili nyumba yake ipate watoto na isizimike. Ndiyo mila inayoitwa nyumba ntobhu, na huko kwetu haimshangazi mtu: mwanamke aoa mwanamke, aliyeolewa huzaa na mwanamume wa kuchaguliwa, watoto ni wa nyumba, na mwenye nyumba ni yule aliyetoa ng'ombe. Wegesa akamzaa Bhoke, na baada yake wengine wanne.

Shule ya misheni ndiyo iliyoshangaa. Siku ya kwanza mwalimu alimuuliza baba yake ni nani, Bhoke akajibu, "Mwenye nyumba yetu ni Gati." Mwalimu akamwambia Gati ni mwanamke. Bhoke akakubali kwamba ndiyo, ni mwanamke, na ana ng'ombe wengi kuliko mwalimu. Darasa likaangua kicheko, mtoto akachapwa viboko viwili, na katika nafasi ya baba mwalimu akapiga kistari. Kile kistari Bhoke hakukisahau. Viboko alivisahau.

Alikuwa na kichwa. Baada ya Azimio, serikali ilipotafuta vijana wa kufundishwa kazi za kompyuta Dar es Salaam, walichaguliwa kumi na watatu, wasichana wawili, na mmoja wao akawa yeye. Huko alikaa karibu miaka miwili, akafundishwa pamoja na kijana mmoja mpole wa Bukoba, Florian, ambaye baadaye alibakia kulekule kuilisha mashine kadi. Lugha ya maagizo waliyofundishwa ilikuwa na jina refu la kizungu. Bhoke aliiita Lugha, basi. Mwaka sitini na tisa akarudishwa Musoma kutengeneza orodha za kaya za vijiji: nani anaishi wapi, na watu wangapi, na nani mkuu wa kaya.

Hapo ndipo kistari kilipomrudia. Fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya mkuu wa kaya. Ukiandika moja, ni mume. Ukiandika mbili, ni mjane, na mjane aliwekwa chini ya msimamizi mwanamume kutoka ukoo wa marehemu. Tatu haikuwepo. Makarani wa vijijini, wenyewe wazaliwa wa huku, walipofika kwenye nyumba ntobhu walikuna vichwa wakaacha wazi. Bhoke naye alipotoboa kadi hizo aliacha wazi. Afadhali pawe peupe, alijiambia, kuliko paandikwe uongo. Na mashine ikazipokea kadi hizo bila neno. Palipokuwa peupe ilipasoma kama sifuri, ikapita, na Gati akatoka kwenye orodha kama kaya kamili yenye namba yake, ila mbele ya jina lake pakiwa na pengo.

Sasa, ndani ya mashine yumo msimamizi asiyeonekana, ambaye wenyewe walimwita mfumo mkuu. Yeye ndiye anayepokea kadi, na ndiye anayeamua neno gani la Lugha lipite na lipi lirudi. Kila baada ya miaka miwili mitatu, wazungu walioiunda mashine walimwondoa msimamizi huyo na kumleta mwingine, wakamwita Toleo: Toleo la Kwanza, Toleo la Pili. Lugha ilikuwa ileile, lakini mlinda mlango amebadilika, na kila mlinda mlango ana kanuni zake. Neno lililopita jana huenda leo likakamatwa. Neno ambalo jana lilikuwa haramu leo linakaribishwa kwa kiti. Kila Toleo lilikuja na waraka mnene wa Kiingereza, ukasambazwa mikoani kote, na mikoani kote ukafungiwa karanga.

Bhoke peke yake aliusoma. Alinunua daftari kubwa la jalada gumu akalipiga mistari. Kila neno la Lugha lilipata mstari wake, na kila Toleo safu yake, na kwenye kila safu aliandika moja kati ya maneno matatu: anakubali, ananung'unika, anakataa. Kunung'unika ndiko kule mashine inakofanya ulichoomba lakini inachapa kwenye karatasi kwamba haikupenda. Mkuu wake wa kazi, Ndugu Renatus, mtu wa Tabora mwenye adabu na haraka, alilitazama daftari lile akauliza kama ni la chama cha kwaya.

Toleo la Pili lilipoingia mwaka sabini na moja, lilianza kunung'unika juu ya nafasi zilizoachwa wazi. Kila orodha iliporudi ilikuwa na kurasa nne za manung'uniko mwishoni. Bhoke aliandika kwenye daftari, mstari wa nafasi tupu, safu ya Toleo la Pili: ananung'unika. Kisha akazichana kurasa zile nne, kwa sababu orodha yenyewe ilikuwa safi. Dalili ya mvua ni mawingu, na huyu binti aliyatazama mawingu miaka mitatu, akayaandika hata daftarini, na hakubeba mwavuli.

Mvua ikanyesha Septemba ya mwaka sabini na nne. Wakati huo watu walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vipya, na orodha ya kaya haikuwa tena karatasi ya kabatini. Kila kijiji kingepimwa viwanja na mashamba kwa kufuata orodha hiyo. Aliye kwenye orodha anapata kiwanja chake. Asiyekuwemo anahesabiwa kwa ndugu. Upimaji ungeanza Jumatatu tarehe saba Oktoba, kabla mvua za vuli hazijashika. Sanduku lilirudi Jumanne tarehe kumi na saba Septemba, na Bhoke alipolifungua aliona kwanza kwamba bunda ni jembamba.

Juu palikuwa na mstari aliousoma mara tatu: mashine sasa iko chini ya Toleo la Tatu, ambalo yeye alidhani lingeingia mwakani. Na ukurasa wa mwisho, chini ya neno zimekataliwa, kadi mia mbili na kumi na moja. Toleo la Tatu halikunung'unika. Lilipokuta nafasi ya namba iko tupu, lilisema tupu si namba, likaitupa kadi nzima na kaya nzima. Bhoke alipitisha kidole kwenye orodha ya waliotupwa. Bunda, Bunda, Bunda, Musoma Vijijini, Bunda. Halafu Butiama, kadi ya elfu moja mia moja themanini na sita: Gati Nyamhanga. Bibi yake alikuwa hayupo, na aliyemwondoa ni yeye.

Aliona aibu. Alikaa kitako juu ya sanduku.

Ndugu Renatus hakuona msiba wowote. "Weka mbili," alisema. "Kadi zote hizo. Tuma Jumatatu na meli, zitarudi Jumamosi kabla ya upimaji. Mambo yameisha."

"Mbili ni mjane, Ndugu."

"Si hawana waume?"

"Hawana, lakini si wajane wa mtu. Ni wenye nyumba. Ukiandika mbili, wanawekwa chini ya msimamizi wa ukoo. Bibi yangu ana mtoto wa shemeji yake, anaitwa Keraryo. Tangu niko tumboni anazitazama ng'ombe za nyumba yetu. Ukiandika mbili unampa Keraryo kiwanja, shamba, na mama yangu, na wadogo zangu wanne."

Renatus alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni tu, na hakuna aliyewahi kumweleza. Bhoke akamweleza yote, ng'ombe kumi na wawili, mwalimu wa misheni, kistari, na jinsi yeye mwenyewe alivyozichana zile kurasa nne. Renatus akasikiliza hadi mwisho, akapumua.

"Dada Bhoke, mashine haijui mila."

"Mashine haijui chochote, Ndugu. Inajua tulichoiambia."

Akafungua daftari. Toleo la Tatu lilikuwa limemnyang'anya nafasi tupu, ni kweli, lakini waraka wake, ambao Bhoke aliunakili mwezi Juni wakati wenzake wakiulia karanga, ulisema pia kwamba lilileta jambo jipya. Chini ya Matoleo ya zamani, mashine ilichapa tarakimu tu katika nafasi ya mkuu wa kaya. Ungeweka tatu, ingechapa tatu, na mpima viwanja kijijini angeona namba asiyoijua na kuikata kwa kalamu. Toleo la Tatu liliruhusu mwandishi wa maagizo kuipa namba jina, jina lolote alitakalo, na mashine ingelichapa jina hilo badala ya tarakimu. Kwenye daftari ilikuwa imeandikwa: kuita namba kwa jina. La Kwanza, anakataa. La Pili, anakataa. La Tatu, anakubali. Mbele ya neno hilo la mwisho Bhoke alikuwa ameweka alama ya kuuliza, kwa sababu waraka huahidi mengi, na hakuna aliyekuwa amejaribu.

"Umejaribu?" aliuliza Renatus.

"Nitajaribu wapi? Mashine iko Dar."

"Na muda uliopo ni wa safari moja tu."

"Safari moja tu."

Renatus alizunguka meza. Ukiweka mbili, orodha itarudi bila shaka. Ukiweka hilo jambo jipya na likakataliwa, kaya mia mbili na zaidi hazitakuwa na mahali pa kulala, na sahihi iliyo chini ya waraka wa kutuma ni yake. Alimwambia atampa jibu Jumatatu asubuhi, na mpaka hapo asitoboe kadi hata moja ya namba tatu.

Bhoke hakutoboa. Lakini hakukaa bure. Ijumaa alikwenda Bunda, kwa karani Eliasi aliyeandikisha kaya za huko, kwa sababu wazo moja lilimkera: je, kila palipo peupe ni nyumba ntobhu kweli? Wakakaa na madaftari ya kaya ya wilaya zote kuanzia asubuhi, wakila viazi vya kuchemsha na kupitia jina kwa jina. Wanne walikuwa wanaume wenye ndevu zao ambao Eliasi aliwasahau tu.

"Siku hiyo nilikuwaga na njaa," alijitetea. "Huyu Silasi nilimwandikaga ugali unaiva."

Basi ntobhu za kweli zikabaki mia mbili na saba. Bhoke aliandika namba hiyo kwenye jalada la daftari.

Jumamosi akapanda lori la pamba mpaka njia panda, akatembea kwenda nyumbani. Bibi Gati alikuwa zizini, anamkamua ng'ombe aliyegoma kukamuliwa na mtu mwingine. Alikuwa mzee sasa, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba maji. Mama yake Bhoke, Wegesa, alikuwa anapepeta mtama.

"Keraryo alikuja juzi," Wegesa alisema kabla hata salamu hazijaisha. "Amesikia kwa makarani kwamba majina yetu hayapo. Amesema ametutengea kona nyuma ya choo chake."

Bhoke alipiga goti mbele ya bibi yake, akasema lile ambalo lilimleta. "Bibi, ni mimi niliyekuondoa. Pale pa mkuu wa kaya niliacha peupe. Mashine ilikuwa inapita, sasa imekataa."

Bibi Gati hakuacha kukamua. "Kwa nini uliacha peupe?"

"Hapakuwa na namba yako."

"Mimi sina namba. Nyumba yangu ina jina." Maziwa yalipiga kibuyu. "Mume alipofariki, watu walisemaga mlango wangu umefungwa. Nikatoa ng'ombe kumi na mbili, nikamwoa mama yako mchana kweupe. Watu wakala, wakacheza, hata baba yake Keraryo akala, na alikulaga sana. Hakuna aliyesema peupe. Wewe nimekusomesha, ndiyo unaandika peupe?"

Bhoke alilia pale zizini, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, mwenye cheti cha Dar es Salaam. Bibi alimwacha alie kiasi. Kisha akamkabidhi kibuyu.

"Hiyo mashine ina neno letu?"

"Haina, Bibi. Lakini nadhani sasa inaweza kufundishwa."

"Basi ifundishe. Usinifiche tena."

Jumatatu asubuhi Bhoke alimkuta Renatus amefika kabla yake, amelifungua daftari la kwaya na analisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Aligeuka na macho mekundu. Alisema amekuwa akilisoma tangu jana baada ya misa, na kwamba katika miaka mitano ya daftari lile amejaribu kutafuta mahali ambapo Bhoke aliandika anakubali na mashine ikakataa. Hajapapata.

"Meli inaondoka saa kumi," alisema. "Tuanze."

Ta-ta-ta. Wanawake wa dagaa walisimama dirishani kuuliza leo Mama Cherehani anashona sare ya nani. Kadi mia mbili na saba zikapata tatu, kadi nne zikapata moja, na kwenye maagizo yenyewe zikabadilishwa kadi kumi na moja. Palipobaki saa moja na nusu, Bhoke akafanya kitu alichokuwa akikifanya peke yake siku zote, ila safari hii kwa watu wawili. Alimkalisha Renatus upande wa pili wa meza na daftari mkononi.

"Wewe ndiwe Toleo la Tatu," alimwambia. "Mimi nasoma kadi, wewe unaamua. Usinihurumie."

Akasoma kadi ya kwanza ya maagizo. Renatus akatafuta mstari, akashuka na safu, akasema kwa sauti ya hakimu, "Anakubali." Kadi ya pili, anakubali. Ya tatu, anakubali. Walipofika ya saba aliivuta kadi akaisoma mwenyewe, akainua kidole juu.

"Anakataa! Sentensi imeisha na nukta haipo. Hapa umeandika mwenyewe: Toleo la Tatu, bila nukta anakataa. Anakataa, Dada Bhoke!"

Sijui kama Tabora kuna mtu aliyewahi kufurahi namna ile kwa ajili ya nukta. Bhoke aliitazama kadi, akaona ni kweli, akaitoboa upya. Kiburi chake kilipungua pale kwa kiasi kinachofaa. Saa kumi kasoro dakika kumi sanduku lilipanda meli, na Renatus akaweka sahihi bila kuketi.

Zikafuata siku kumi na mbili ambazo Bhoke hakuweza kula samaki mzima. Renatus alikuwa anakuja mlangoni kwake kila asubuhi, anasema sanduku sasa liko Tabora, sasa liko Morogoro, kana kwamba analiona. Jumamosi tarehe tano meli ikaingia. Sanduku likawekwa mezani, na Bhoke akashindwa kulifungua.

"Fungua wewe, Ndugu."

Renatus alikata kamba. Bunda lilikuwa nene. Alilikimbilia kwa nyuma, kwenye ukurasa wa waliokataliwa, na pale chini ya neno lile palikuwa na sifuri moja, nyeusi, ya duara. Manung'uniko: hakuna. Akarudi mbele akifunua kwa haraka mpaka karatasi zikachanika pembeni, akafika Butiama, akamgeuzia Bhoke ukurasa.

Gati Nyamhanga. Kaya ya watu saba. Mkuu wa kaya: NYUMBA NTOBHU.

Ilikuwa imechapwa kwa herufi kubwa, na mashine iliyokuwa haijui hata kusema hodi. Bhoke alipiga kigelegele kilichowatoa watu wa ofisi ya jirani nje wakidhani kuna harusi. Renatus, mtu wa adabu, alipanda juu ya kiti na kuanza kuzihesabu ntobhu kwa sauti, na alipofika mia mbili na saba alishuka akampa mkono kama anayempongeza mzazi.

Katikati ya bunda palikuwa na karatasi ya Florian, kwa penseli. "Dada Bhoke, orodha yako ilipokuwa inachapwa tulisimama chumba kizima kuitazama. Hili neno ni nini? Hata wakubwa wameuliza. Halafu nakuomba: mikoa mitano kadi zao zimetupwa na Toleo la Tatu, na hakuna anayejua kwa nini. Nasikia una daftari. Tafadhali tuma nakala, na usije ukalituma lenyewe." Bhoke alinakili kurasa sitini na mbili kwa mkono, na kuanzia mwaka ule kila Toleo lilipotangazwa, Dar es Salaam waliandika Musoma kwanza kuuliza mlinda mlango mpya ana tabia gani. Ila hayo yalikuja baadaye.

Jumatatu ile aliomba ruhusa akaenda kijijini na orodha. Watu walikusanyika kwenye uwanja mpya uliofyekwa, na mpima viwanja, kijana mwenye suruali ya kaki, akawa anaita majina. Aliyeitwa alisema yupo, akaonyeshwa mahali, na jirani yake akashika kamba ya kupimia. Keraryo alikuwa amesimama mbele, amejaa tele, fimbo begani.

"Gati Nyamhanga," mpima viwanja alisoma. "Kaya ya watu saba. Mkuu wa kaya, nyumba ntobhu. Kiwanja namba arobaini, shamba namba arobaini."

Uwanja ukavuma. Keraryo akasogea. "Hiyo si sawa. Huyo ni mjane wa kwetu. Yuko kwangu."

Mpima viwanja alichungulia karatasi tena. "Mzee, mimi nasoma. Imeandikwa na kompyuta, Dar es Salaam."

"Dar es Salaam wanajua nini kuhusu ntobhu?"

"Wanajua," alisema Bhoke kutoka nyuma. "Wamefundishwa."

Watu wakacheka, na Keraryo, aliyetafuta macho ya kumuunga mkono na asiyapate, alijikuta amebaki peke yake karibu na mpima viwanja, ambaye bila kumuuliza alimshikisha ncha ya kamba. Bibi Gati akapita katikati ya watu, polepole, Wegesa ubavuni pake, watoto nyuma. Alisimama mbele ya kijana yule wa kaki.

"Nipo," alisema. "Soma tena."

"Hukusikia vizuri, Bibi?"

"Nimesikia vizuri. Ndiyo maana nasema soma tena."

Kijana alisafisha koo akasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi, na Keraryo akiwa bado ameshika kamba.